Somo: Kuongoza shirika la kufundisha elimu ya fedha katika shule za visiwani Lamu

Wengi mnaoniandikia mnaomba vitabu. Vitabu vya elimu ya fedha vipo, na karibu vyote huanza na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mtoto wa mvuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, hajamwona babake akipokea mshahara. Amemwona akipata vizuri wakati wa kaskazi, kisha akishinda barazani kusi ikichafua bahari. Ukimpelekea bajeti ya mwezi, ataikariri, atafaulu mtihani, na nyumbani hakitabadilika kitu. Hatua hizi nimezipanga nikilifikiria hilo.

Hatua ya 1: Jiandikishe, lakini kwa kiasi chako

Usikimbilie jina kubwa. Kikundi cha kijamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 kinahitaji watu kumi kuanzia, na huandikishwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkishakua, itazameni Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ile iliyopitishwa 2013 ikakaa miaka kabla ya kuanza kutumika Mei 2024. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, na pesa isitoke bila wawili. Mwenyekiti na mweka hazina wasiwe mtu na shemeji yake. Mnacheka, lakini mnavijua vikundi vilivyokufa hivyo.

Hatua ya 2: Ingia shuleni kwa adabu

Anza kwa mwalimu mkuu, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, kisha wazazi. Usiseme umekuja kusaidia. Uliza ni kipindi gani kina nafasi. Mtaala wa umilisi wa Kenya (CBC) umeshaitaja elimu ya fedha kati ya mambo yanayopaswa kupenyezwa katika masomo, kwa hiyo humwongezei mwalimu mzigo mpya, unamshika mkono katika alionao. Kila anayejitolea awe na cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi wa jinai (DCI). Na pesa za watoto msizishike hata shilingi. Kibubu cha mtoto kikae kwao.

Hatua ya 3: Fundisha mwaka, achana na mwezi

Hapa ndipo penye kazi, msipaharakishe.

Kusanya maganda 12 ya viberiti uyapange mezani, kila moja mwezi. Wape watoto kete za pwani ziwe mapato, na kokoto ziwe matumizi. Wao wenyewe ndio waseme kete ziende wapi. Watajaza Desemba mpaka Machi, na Juni na Julai wataweka moja moja, wengine hawaweki. Kisha zije kokoto: kufungua shule Januari, sare, nyavu za kushona, Ramadhani, nguo za Idi, wageni wa Maulidi.

Kwenye Ramadhani simama. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kalenda ya ukutani kwa siku kama 11, kwa hiyo kokoto ile haikai mahali pamoja. Ramadhani ya 2026 imeangukia Februari na Machi, na inarudi nyuma kila mwaka, hadi mwanzoni mwa muongo ujao Idi ije kukutana na kufungua shule. Watoto wakihesabu kwa vidole wakaliona hilo, darasa hupiga kelele. Waache wapige. Kisha uliza: kete za kaskazi zitavukaje mpaka kusi? Mmoja atasema kibubu, mwingine mbuzi, mwingine dhahabu ya mama, mwingine atasema hukopwa kwa tajiri. Yote ni majibu, kila moja lina gharama yake, na hilo la mwisho halihitaji kutafutiwa mfano. Watoto wa wavuvi wanajua kwamba aliyekukopesha nyavu na petroli ndiye atakayenunua samaki wako, kwa bei aipendayo.

Hatua ya 4: Hesabu ya mahamri

Bei hizi ni za ubaoni tu, wewe weka za mtaani kwako. Unga kilo mbili 180, sukari 40, nazi mbili 80, hamira na hiliki 30, mafuta 90, makaa 50. Jumla 470. Yametoka mahamri 55, kila moja shilingi kumi, yaani 550. Faida 80. Sasa mwambie aliyeko ubaoni: sita yameliwa nyumbani asubuhi. Imebaki 20. Mawili kachukua jirani, atalipa kesho. Imebaki sifuri.

Usifunge somo hapo ukatoa wosia. Uliza kama yale sita ni hasara. Utasikia mabishano mazuri, maana watoto sita wamekula kabla ya kuja shule, na hicho ndicho alicholipwa mama kwa kuamka alfajiri. Shida haiko kwenye hayo sita. Shida ni kwamba hakuna aliyeyaandika, kwa hiyo mama anaamini biashara haina baraka.

Hatua ya 5: Mkopo wa simu

M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa, ilipoanza Novemba 2012 ilitoza ada ya 7.5 kwa mia kwa siku 30. Kwa mkopo wa 2,000 ni 150, na darasa zima litasema ni kidogo. Waambie wakokotoe mtu anayelipa ada tu kila mwezi na kuuendeleza mkopo mwaka mzima: ametoa 1,800, na deni la 2,000 liko palepale. Bei za leo zisomeni kwenye simu ya mwalimu siku hiyo hiyo, hubadilika.

Hatua ya 6: Hesabu zenu ukutani

Kila muhula bandikeni kwenye ubao wa matangazo wa shule mlichopokea na mlichotumia, nauli na chai zikiwemo. Wazazi wataisoma kuliko mnavyodhani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, Faza: Watoto wangu hawaji na hata shilingi. Niwafundishe kuweka nini?

*Jibu:* Usianze na kuweka, mwalimu wangu, anza na kununua. Tuseme sukari kilo ni 160 na robo ni 50. Robo nne ni 200. Asiye na pesa ndiye anayelipa 40 zaidi. Halafu usimlaumu mtu, maana mwenye 50 mfukoni hawezi kununua kilo. Uliza majirani wanne wakichanga itakuwaje.

Mama, Langoni: Hii ya riba inanitia wasiwasi. Hamwazoeshi watoto haramu?

*Jibu:* Wasiwasi wako ni wa haki, bibi. Sisi hatuingii darasani kabla ya kukaa na maalim wa madrasa akaiona hesabu yenyewe. Mara nyingi yeye huitaka kuliko sisi, kwa kuwa mtoto aliyekokotoa ile 1,800 anajua anachokatazwa. Wanafunzi wakubwa tunawatajia pia kwamba zipo benki za kufuata sharia, kama Gulf African Bank iliyoanza 2008. Kuchagua ni kwa mzazi.

Kijana, Mpeketoni: Mfadhili anadai picha za watoto, la sivyo hatoi.

*Jibu:* Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Mpe mfadhili kitu bora zaidi: swali moja la hesabu ya faida, lililoulizwa siku ya kwanza na likaulizwa tena mwisho wa muhula, pamoja na idadi ya waliopata mara zote mbili. Akisema anataka nyuso tu, mwache aende.

Dada, Kizingitini: Boti itakula pesa zote. Mnafanyaje?

*Jibu:* Ndiyo, ndiyo gharama yetu kubwa. Boti za huko kwenu hufuata maji kujaa na kupwa, na ukikosea saa umelala. Kwa hiyo ratiba tunaipanga na jedwali la maji mkononi. Halafu tafuteni walimu wawili wa hapo hapo, tutawafundisha wakati wa likizo wakija mjini kwa shughuli zao, na sisi tutakuja mara moja kwa muhula kuwasikiliza tu. Kete na maganda ya viberiti mtaanza kukusanya wenyewe.