Mtihani wa CFE ukiwa Moshi au Arusha: jiandae hivi

Wakuu habari. Huku kaskazini mhasibu akishamaliza CPA ya NBAA, ile bodi ya wahasibu, hatulii, anaanza kuuliza nini kinafuata, na siku hizi jibu analopewa sana ni CFE, kile cheti cha wachunguzi wa upigaji kinachotolewa na ACFE, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1988 na Joseph Wells aliyewahi kuwa mpelelezi wa FBI, makao yake yako Austin, Texas. Hapa naeleza namna ya kujiandaa na naanza na ninachokiamini kabisa, kwamba huu mtihani hauwaumizi sana wasiojua hesabu, unawaumiza wahasibu wanaodhani hesabu zinatosha. Odita wa miaka kumi anakaa na mpelelezi wa polisi, yule odita anateleza kwenye mahojiano na ushahidi huku mpelelezi anapeta.

Kwanza hakikisha unaruhusiwa kukaa. Wana mfumo wa pointi, unahitaji 40 ili ufanye mtihani na 50 ili upewe cheti, na digrii yako ya kwanza peke yake inakupa hizo 40 hata kama ni ya IAA hapo Njiro au ya chuo cha ushirika Moshi, afu kila mwaka wa kazi inayohusiana na udanganyifu unakupa 5. Kwahiyo mwenye digrii na miaka miwili kazini anafika 50 bila presha, na hiyo miaka miwili ni lazima hata kama pointi zingine unazo. Uzoefu unaokubalika sio wa uhasibu tu, upelelezi, sheria, kinga ya hasara, hata sosholojia ya uhalifu inaingia, sasa wewe wa TAKUKURU au mwanasheria wa benki usijiweke pembeni. Unajiunga kwanza kama mwanachama, unalipa kwa dola, kwahiyo kadi yako ya benki iwe imefunguliwa malipo ya mtandaoni mapema, na vyeti vyako viwe vimeskaniwa vikasomeka, sio picha ya simu yenye kivuli cha kidole. Na usilipe chochote kabla hujasoma mwongozo wa mwaka unaofanya wewe, mana mpangilio wa mtihani wanaugusagusa, usiende na maelezo ya rafiki aliyefanya zamani.

Elimu yenyewe kwa miaka mingi imegawanywa mafungu manne: miamala ya fedha na mbinu za upigaji, sheria, uchunguzi, na kuzuia udanganyifu. Alama ya kufaulu iliyozoeleka ni asilimia 75 kwa kila fungu, ndo mana kujificha nyuma ya fungu moja unalolijua hakusaidii. Ushauri wangu kwa mhasibu: anza na uchunguzi, akili ikiwa bado mbichi, hesabu ziache mwishoni. Wengi wanafanya kinyume, wanaanza na wanachokijua ili wajisikie wanasonga.

Sasa namna ya kusoma. Kitabu chao ni kinene na mifano yake ni ya viwanda vya Ohio huko na hundi za karatasi, ukikikariri kama kilivyo baada ya wiki kimeyeyuka. Chukua kila mbinu, itafutie mtu anayeifanya huku kwetu. Wafanyakazi hewa? Kampuni ya kupandisha wageni mlimani inalipa wagumu, yani wapagazi, 14, waliopita getini ni 11, hao watatu wengine majina yao yapo, sahihi zipo, na namba za simu za kutumiwa hela zote zinaishia kwa binamu wa anayepanga safari. Muuzaji hewa? Karani wa AMCOS, ushirika wa wakulima, anapima kahawa ya mzee kilo 43, anaandika stakabadhi ya 40, zile 3 za kila mzee zinakusanywa zinaingizwa kwenye daftari kwa jina la mkulima ambaye hana hata mche mmoja. Kula njama kwenye zabuni ndo rahisi kabisa, proforma tatu za bei, mihuri mitatu, namba tatu za TIN, mwandiko mmoja. Teni pasenti ya afisa manunuzi kwa mwenye hardware hiyo sina haja ya kuieleza. Ukishaona sura ya mbinu hivyo, swali likija na kampuni ya Texas unaitambua tu, mana upigaji ni uleule.

Kuna sehemu wanapenda sana kutega, nayo ni kutofautisha wizi kwa wakati hela ilipochukuliwa. Mgeni anaongeza siku moja ya safari, anampa meneja dola 150 mkononi, meneja anatia mfukoni na ofisi haikuandika kitu, hiyo ni skimingi, hela imeibiwa kabla haijaingia vitabuni. Keshia akikata risiti, mauzo yakaingia kwenye mfumo, afu jioni akachomoa noti kwenye droo, hiyo sio skimingi tena, ni wizi wa hela iliyokwisha rekodiwa. Na akiandaa vocha ya malipo ya uongo ili hela itoke kihalali benki, hilo kundi la tatu, malipo ya udanganyifu. Swali linakuja refu lina maneno mengi ya kukupoteza, wewe jiulize kitu kimoja tu: hela ilipoondoka, vitabu vilikuwa vinaijua? Halafu lapingi, ile ya SACCOS, rejesho la mama A limeliwa, linafunikwa na la mama B, la B linafunikwa na la C, na anayeifanya haendi likizo kamwe mana akiondoka tu jengo linaanguka. Ndo mana kitabu kinasisitiza likizo ya lazima.

Hesabu moja usiiruke, ya kupima utajiri wa mtu kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Tuseme keshia mmoja Moshi mwanzo wa mwaka ana mali za milioni 20 na madeni ya milioni 5, utajiri halisi milioni 15. Mwisho wa mwaka ana kiwanja Rau na gari, mali milioni 52, madeni milioni 7, utajiri milioni 45. Umeongezeka milioni 30. Ongeza matumizi yake ya mwaka, kodi ya nyumba, chakula, ada, tuseme milioni 12, inakuwa 42. Toa mshahara wake unaojulikana, 1,200,000 kwa mwezi ni milioni 14.4 kwa mwaka, zinabaki milioni 27.6 ambazo hazina maelezo. Watu wanasahau kuongeza matumizi, wanatoa mshahara kwenye ile 30 moja kwa moja, na jibu hilo la makosa lipo pale kwenye machaguo linakusubiri. Ila hizo 27.6 hazisemi kaiba, zinasema kuna hela chanzo chake hakijulikani. Labda shangazi kamrithisha.

Hapo ndo tunafika kwenye kitu kinachowasumbua watu wetu. Kanuni ya maadili ya ACFE inakataza mchunguzi kutoa maoni kwamba mtu fulani ana hatia au hana. Ripoti yako inaeleza ushahidi, hatia ni ya mahakama. Huku ofisini tumezoea ripoti inayoandika "mhusika ameiba, achukuliwe hatua", bosi anafurahi, kwenye mtihani ukichagua jibu la hivyo umelikosa. Vilevile huanzi uchunguzi kwa sababu bosi hampendi stoo kipa, lazima kuwe na msingi, mazingira ambayo mtu wa kawaida mwenye taaluma akiyaangalia ataamini udanganyifu umefanyika, unafanyika au utafanyika. Na mahojiano unaanza na watu wa mbali wasiohusika, unakuja kwa wanaoweza kuthibitisha, halafu wanaohisiwa kushirikiana, mshukiwa mwenyewe anakuwa wa mwisho. Sisi tunaanza kwa kumwita mshukiwa ofisini na kumfokea, ikifika saa nane mchana kashapiga simu stoo na mafaili hayapo.

Sheria: mshukuru Mwingereza kwa mara moja, mfumo wetu ulitokana na wake, kwahiyo mambo ya mzigo wa kuthibitisha na mashahidi kuhojiwa na pande mbili utayazoea haraka, kazi iko kwenye nchi ambazo jaji mwenyewe ndo anaongoza uchunguzi. Sheria yetu ya kuzuia rushwa ya 2007 na ile ya fedha haramu ya 2006 zikusaidie kuelewa tu, usijibu kwa kuzitumia. Hatua tatu za kutakatisha fedha ziwe kichwani, kuingiza, kuzungusha, kurudisha kama hela safi, na mapendekezo 40 ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, ujue ni ya nini.

Fungu la kuzuia ni jepesi ukilisoma, ila msidharau. Pembetatu ya udanganyifu ya mtaalamu wa uhalifu Donald Cressey, yani shinikizo, nafasi na kujihalalishia, hiyo lazima. Na swali la udanganyifu unagundulika zaidi kwa njia gani, odita kwa kujipenda atasema ukaguzi, kumbe ni taarifa za watu, ripoti ya ACFE ya 2024 iliweka asilimia 43 ya kesi zilizogundulika hivyo. Mlinzi, dereva, mke aliyeachwa.

Mazoezi ya maswali ndo nguzo. Fanya maswali kila siku hata kidogo, na usome maelezo ya lile ulilopata pia, mana mara nyingine umepata kwa bahati. Kaa macho na "isipokuwa" na "daima". Ukifika asilimia 85 mfululizo kwenye maswali ambayo hujawahi kuyaona, kata tarehe. Kuna wanaouza "maswali yenyewe ya mtihani" kwenye magrupu ya WhatsApp, achana nao, ni kosa la maadili la kukupotezea cheti, na pia mazee hebu fikiria, unatapeliwa ukiwa unasomea utapeli.

Ukichagua kufanyia nyumbani kwa kusimamiwa na kamera, meza iwe tupu, uwe peke yako chumbani, jina kwenye kitambulisho lilingane na la maombi, sio huku Emanueli kule Emmanuel. Laptopu iwe na betri ya kweli, intaneti uwe na njia mbili, mana umeme unakatika bila hodi. Chagua saa za asubuhi siku ya kazi, Jumamosi jirani ana kipaimara na spika mbili kubwa. Waambie watoto, mwambie na dada wa kazi, akigonga mlango kuuliza chumvi iko wapi msimamizi anaweza kusitisha mtihani.

Ukifaulu usikimbilie kubadilisha kadi za biashara, maombi yanapitiwa kwanza ndo unaruhusiwa kutumia herufi hizo. Halafu kila mwaka wanataka masaa 20 ya mafunzo, angalau 10 ya udanganyifu na 2 ya maadili, na ada ya uanachama inaendelea kwa dola vilevile, kwahiyo ongea na HR mapema kabla bajeti ya mwaka haijafungwa, wengine wanalipa ukiwasilisha barua, tatizo watu hawaombi.