Kabla ya kusoma chuma cha damu, fumba ngumi

Mwanafunzi wa staji akiingia labo yetu hapa Bukavu, namwambia aweke kalamu chini kwanza, anyooshe mikono miwili. Protini inayobeba madini ya chuma damuni, transferini, nayo ina mikono miwili, na kila mkono unabeba chembe moja tu ya chuma. Fumba ngumi sasa. Vidole vinne ndivyo vinavyoshika, navyo ni asidi amino, vipande vinavyojenga protini: tirosini mbili, histidini moja na aspatati moja. Zinabaki nafasi mbili kukizunguka chuma, na hizo zinazibwa na kabonati. Kabonati isipokuwepo, chuma hakishikiki vizuri. Tena kiwe cha chaji tatu. Kile cha chaji mbili hugeuzwa kwanza na protini yenye shaba.

Damuni, kwenye pH 7.4 (pH ni kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi), ngumi hiyo inashika kufa na kupona. Ikishaingizwa ndani ya seli ya uboho, kwenye kifuko chenye asidi, pH inashuka hadi 5.5 hivi na vidole vinalegea. Hapo ndipo ninapopapenda zaidi, kwa sababu transferini haitupwi. Inarudi damuni mikono mitupu, ikachukue mzigo mwingine. Ndiyo maana miligramu 3 au 4 zilizomo njiani zinatosha kupitisha zaidi ya 20 kwa siku.

Sasa chukua karatasi ya majibu. Gawanya chuma cha seramu, yale maji ya damu yanayobaki ikishaganda, kwa uwezo wa kubeba, yaani chuma chote ambacho transferini ingeweza kushika; zidisha mara 100. Tuseme mama muuza sambaza, wale samaki wadogo, ana chuma 36 na uwezo 450: jibu ni 8. Katika mikono 100, minane tu ina mzigo, na kawaida ni 20 hadi 45. Uwezo kupanda hivyo ni ini linaloongeza wabebaji kwa kuwa akiba imekauka. Lakini vyote viwili vikiwa chini, usikimbilie kusema mgonjwa amekosa chuma. Ulizia homa, kidonda, maambukizi. Mwili ukipigana na ugonjwa hukifungia chuma ghalani.

Tyubu nayo, wadogo zangu! Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipima chuma kutoka tyubu ya kizibo cha zambarau. Jibu likawa karibu na sifuri. EDTA iliyomo humo, ile ya kuzuia damu isigande, ilikuwa imekinyakua chuma kabla ya kipimo. Mama yule alikuwa ametoka mtaa wa Panzi kwa miguu, mtoto mgongoni, akalazimika kurudi kesho yake kuchomwa tena. Naumia mpaka leo.

Chukua kizibo chekundu, asubuhi, kabla mgonjwa hajameza kidonge cha chuma. Iache damu igande nusu saa, ndipo uizungushe kwenye mashine. Seramu ikitoka nyekundu, chembe nyekundu za damu zimepasuka: usiipime. Mwite mgonjwa mwenyewe, umweleze kwa heshima kwa nini unamchoma mara ya pili.