AC haipozi baada ya matengenezo: anzia pale palipofunguliwa

Gari limetoka kubadilishwa kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) au kondensa (rejeta inayopoza gesi hiyo), na AC inapuliza hewa vuguvugu. Ushauri wa haraka huwa "ongeza gesi". Usiongeze kabla ya kupima: gesi ikizidi, ubaridi hupungua vilevile, na kama kuna uvujaji umeuficha tu kwa siku chache.

Washa injini na AC, utazame kompresa. Puli huzunguka muda wote. Sahani ya mbele huzunguka klachi (kinachounganisha puli na kompresa) ikishika. Ikiwa imesimama, angalia soketi ya sensa ya presha na ya klachi (husahaulika mno), kisha fyuzi na rilei. Kompresa zisizo na klachi hupimwa kwa geji za presha tu. Halafu weka karatasi mbele ya kondensa, feni yake ikizunguka: inatakiwa ivutwe na kunata. Ikisukumwa, nyaya za feni zimegeuzwa.

Sasa unganisha geji, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Kwa gesi ya R134a, pande zote mbili zisome karibu psi 97 kukiwa na joto la nyuzi 30, au psi 82 kwa nyuzi 25. Chini sana ya hapo, gesi imetoka. Ila usidanganyike: kipimo hiki hakikuambii gesi ni kiasi gani.

Washa tena, injini izunguke mara 1,500 kwa dakika, feni ya ndani iwe juu kabisa. Kwa kawaida upande wa paipu nene (upande wa chini) husoma psi 25 hadi 45, na wa paipu nyembamba (upande wa juu) 150 hadi 250. Kwenye joto kali hupanda zaidi.

Pande zote zikiwa chini, gesi ni pungufu. Paka maji ya sabuni kwenye maungio yaliyofunguliwa; doa la mafuta hapo ni oringi (mpira wa kuzibia) iliyobanwa vibaya au iliyofungwa kavu. Zote zikiwa juu, gesi imezidi, kuna hewa ndani, au kondensa haipozwi. Imwagie maji: presha ikishuka na ubaridi ukirudi, shughulika na feni. Upande wa chini ukiwa juu na wa juu ukiwa chini, kompresa haisukumi, hata kama ni mpya.

Kuna tatizo linalosumbua kuliko yote: AC inapoza dakika kumi au ishirini, mshale wa upande wa chini unazama chini ya sifuri, ubaridi unakata. Ukizima na kusubiri, inapoza tena. Hiyo ni unyevu unaoganda kwenye valvu, kwa sababu mfumo ulifunguliwa bila kubadilisha draya (kichujio kinachonyonya unyevu) au bila kuvutwa vakyumu (kunyonya hewa yote kwa pampu) vya kutosha. Gesi yote itolewe kwa mashine, draya mpya ifungwe, vakyumu ivutwe angalau dakika 30. Funga koki za geji, subiri dakika 15. Mshale ukipanda, bado kuna uvujaji au unyevu. Ndipo ujaze kwa mizani, gramu zile zilizoandikwa kwenye lebo chini ya boneti.

Paipu nene ikiwa baridi na inatoa jasho, lakini ndani kuna joto, gesi haina kosa. Kama dashibodi ilifunguliwa, kagua kijimlango kinachochanganya hewa ya hita.

Gari la haibridi lenye kompresa ya umeme halitumii mafuta ya kompresa aina ya PAG, hutumia aina ya POE. Yakichanganywa, umeme huweza kuvuja ndani ya kompresa.