Mipangilio ya kudumu ya ramani za mvua na joto katika Matplotlib

Ukichora ramani za hali ya hewa kwa Python, kwa kawaida unatumia programu tatu kwa pamoja: Matplotlib inachora, xarray inasoma data na kuchagua rangi, Cartopy inaweka mipaka na pwani. Kila moja ina mipangilio yake chaguo-msingi. Ukibadilisha rangi mahali pasipohusika, hakuna kinachobadilika na hakuna onyo linalotokea. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, jua kipi kinakaa wapi.

Anza na Matplotlib. Andika kwenye terminali:

python -c "import matplotlib; print(matplotlib.matplotlib_fname())"

Jibu ni njia ya faili la matplotlibrc linalotumika sasa hivi. Ikiwa njia hiyo inapita kwenye folda ya mpl-data, ni faili lililokuja na programu. Usiliguse, kwa sababu utakapoboresha toleo litafutwa pamoja na mabadiliko yako. Tengeneza lako kwenye folda inayotajwa na matplotlib.get_configdir(): kwenye Linux ni ~/.config/matplotlib, kwenye Windows na Mac ni .matplotlib ndani ya folda yako binafsi. Andika mistari unayobadilisha tu:

figure.figsize: 6.7, 7.5
savefig.dpi: 200
figure.constrained_layout.use: True
font.size: 10
image.cmap: YlGnBu
timezone: Africa/Nairobi
date.autoformatter.day: %d/%m/%Y
date.autoformatter.hour: %d/%m %H:%M

Inchi 6.7 ni sentimita 17, yaani upana unaobaki kwenye karatasi ya A4 ukiacha sentimita 2 kila upande. Ramani ikiingia kwenye ripoti bila kubanwa, maandishi ya pointi 10 yanabaki pointi 10. Wengi huongeza savefig.bbox: tight ili kuondoa nafasi tupu pembeni. Kwa picha moja haina neno. Kwa mfululizo wa picha za kila saa itakuharibia kazi: kila picha hukatwa kwa kipimo chake, na ukiziunganisha kuwa video zinarukaruka au zinakataa kabisa.

Faili la matplotlibrc lililo kwenye folda unayofanyia kazi hushinda lile la folda yako ya mipangilio. Programu ileile ikitoa picha mbili tofauti kwenye folda mbili, tafuta hapo kwanza.

Mstari wa timezone unahitaji uangalifu kuliko yote. Matplotlib huchukulia saa isiyo na ukanda wa saa kuwa ni UTC (saa ya kimataifa), kisha huandika mhimili kwa ukanda uliouweka. Kipimo cha mvua cha 06:00 UTC kitaonekana 09:00, yaani saa 3 asubuhi, ndiyo saa ya kusoma kipima mvua huku kwetu. Lakini kama data za kituo zimeandikwa tayari kwa saa za hapa, zitasogezwa saa tatu mbele kimyakimya. Zirudishe kwanza kwenye UTC. Walio Lubumbashi, Kigali au Bujumbura waandike Africa/Lubumbashi, Africa/Kigali au Africa/Bujumbura, maana wako saa mbili mbele ya UTC. Tena, kichwa ambacho xarray huweka juu ya ramani hakifuati mpangilio huu, kinabaki UTC. Kiandike mwenyewe kwa ax.set_title.

Sasa rangi. Ule mstari wa image.cmap unafanya kazi kwa michoro ya Matplotlib yenyewe, ila ukichora kwa data.plot() ya xarray hautumiki. xarray ina chaguo zake: viridis kwa data za kawaida, RdBu_r kwa data zinazovuka sifuri. Hiyo ya pili inafaa kwa tofauti za joto, kwa sababu buluu ni baridi na nyekundu ni joto. Kwa tofauti ya mvua na wastani inageuza maana: palipokauka panakuwa buluu, palipofurika panakuwa pekundu. Msomaji wa ramani ya ukame atapotoshwa vibaya. Tumia BrBG, ambayo kahawia ni ukavu na kijani ni unyevu, na uifunge kwenye kazi ya mvua tu:

with xr.set_options(cmap_divergent="BrBG"):
    tofauti.plot()

Kwa mvua ya siku moja, rangi inayopanda taratibu haisomeki. Weka ngazi maalumu, na uziweke kwenye faili moja la Python ambalo kila ramani italiita:

mipaka = [0, 1, 5, 10, 20, 50, 100]
rangi = ListedColormap(["white", "#d9f0a3", "#78c679", "#41b6c4", "#2c7fb8", "#253494", "#54278f"])
ngazi = BoundaryNorm(mipaka, 7, extend="max")

Mipaka saba inatoa vipande sita, na rangi ya saba ni ya zaidi ya 100. Milimita 50 ipo kwa makusudi: TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) huita mvua kubwa ile inayozidi kiasi hicho ndani ya saa 24. Chora kwa ax.pcolormesh ukitaja cmap=rangi na norm=ngazi, kisha ax.set_facecolor("lightgrey") ili mahali pasipo na data pasifanane na mahali pakavu.

Ramani nzima ikitoka nyeupe, angalia vizio. Mvua ya ERA5 (data za hali ya hewa ya dunia zilizokokotolewa kwa modeli) iko kwa mita, hivyo zidisha kwa 1000. Joto lake liko kwa Kelvini, toa 273.15. Ukitumia data.plot() na nchi nzima ikawa rangi moja huku kipimo cha rangi kikishuka hadi -9999, hiyo ni alama ya data iliyokosekana katika CHIRPS (data za mvua zinazotokana na setilaiti na vituo). Iondoe kwa data.where(data >= 0).

Kwenye Cartopy, andika ax.coastlines("10m") wazi. Kwa kipimo cha 110m Unguja na Pemba hupotea. Mara ya kwanza itapakua mistari ya pwani kutoka intaneti, kwa hiyo ichore ukiwa na mtandao kabla ya kupeleka kompyuta kituoni. Na kila pcolormesh iwe na transform=ccrs.PlateCarree(), bila hiyo, ukibadilisha projeksheni (namna ya kulaza dunia kwenye karatasi) data huangukia mahali pengine na ramani hubaki tupu.

Ukitaka wenzako watumie mwonekano huohuo, hifadhi mistari ya matplotlibrc kama ramani.mplstyle na uiite kwa plt.style.use("./ramani.mplstyle"). Toa mstari wa timezone humo, kwa kuwa faili za mtindo haziruhusiwi kuubadilisha. Uweke kwenye programu yenyewe:

matplotlib.rcParams["timezone"] = "Africa/Nairobi"