SOMO: Macho ya wanja na mdomo wa 1920, kwa ngozi zetu

Haya wapendwa, leo tunafanya ile sura ya miaka ya 1920 mnayoiulizia kila siku, macho meusi tii, nyusi nyembamba mno, mdomo mdogo. Ila mjue zile picha zinadanganya. Filamu nyingi za wakati ule hazikuiona rangi nyekundu, ilitoka nyeusi, kwa hiyo mdomo wa Clara Bow, yule mwigizaji wa sinema wa Marekani, unaouona mweusi kwenye picha usidhani ndivyo ulivyokuwa. Ukijipaka nyeusi kabisa unaiga kamera.

Halafu usibebe enzi nzima usoni. Kimoja kipige kelele, vingine vinyamaze. Mimi macho ndiyo nayapa nafasi.

1. Nyusi. Banange usinyoe! Chukua gundi ya kijiti ile ya watoto wa shule, pitisha kwenye mkia wa nyusi tu, zilaze vizuri, acha ikauke kabisa, rudia. Poda, konsila (krimu ya kufunika madoa) ya rangi yako, poda tena. Sasa chora mstari mwembamba unaoshuka kuelekea sikioni, kule kushuka ndiko kunaleta ule uso wa huzuni, ukiupandisha juu ushaharibu, umerudi leo.

2. Macho. Mwaka 1922 mchimbaji wa mambo ya kale Howard Carter alipolipata kaburi la farao Tutankhamun, mambo ya Misri yakawa fasheni Ulaya na Marekani, na wanja nao ukapata chati. Tumia wa jeli usioogopa maji maana joto la Kampala mnalijua, na ukipanda boda ndio kabisa. Uchore kwenye mzizi wa kope juu na chini, lakini maliza jicho moja ndio uende la pili, kwa sababu wanja wa jeli ukishakauka hausuguliki tena, utabaki na mstari mkavu unaokutazama. Sugua kwa brashi ndogo, vipigo vifupi, mpaka ukingo uyeyuke kama moshi, kisha gandamiza aishado (poda ya rangi ya kope) nyeusi juu yake ili ushike. Pembeni weka kahawia iliyokolea au zambarau, kijivu achana nacho, kwenye ngozi nyeusi kinapauka.

3. Mdomo. Funika pembe za mdomo kwa fandesheni, chora vilele viwili katikati ya mdomo wa juu, jaza rangi ya damu ya mzee usifike pembeni. Basi.

MASWALI

Swali: Dada, hii si sura ya wazungu? Mimi mweusi kabisa.
Jibu: Josephine Baker, mcheza densi na mwimbaji kutoka Marekani, alikuwa mweusi, alifika Paris 1925 na mji mzima ukamwangalia yeye. Google picha zake uone nywele zilivyolazwa na kile kikunjo cha nywele kwenye paji.

Swali: Naweza kwenda nayo kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe? Nitavaa gomesi, lile gauni la mabega yaliyochongoka.
Jibu: Kama wewe ni bibi harusi hapana, mashangazi watauliza nani amekufa 😂 Kama ni mgeni weka macho tu, nyusi ziache zako, gomesi lenyewe mabega yanatosha kuongea.

Swali: Midomo yangu mikubwa, nikifunika pembe naonekana nimevimba.
Jibu: Basi usifunike. Chora vile vilele viwili tu vikae vizuri, kisha jaza mdomo wote.

Swali: Wanja wa unga wa sokoni unafaa? Ni bei rahisi.
Jibu: Usiupake kama haujaandikwa umetengenezwa na nini, mwingine una madini ya risasi, hata Wamisri wa kale walisaga galena ambayo ni risasi hiyo hiyo. Nunua penseli ya kawaida yenye lebo.

Swali: Gundi inatokaje mama? Naogopa nyusi kung'oka.
Jibu: Mafuta kwanza utoe mekapu ya juu, halafu kitambaa cha maji ya uvuguvugu kikae juu ya nyusi kidogo, italainika yenyewe. Usikwangue na kucha.