Kuthibitisha vyeti vya kazi ya Ghuba ukiwa Tanga: kuanzia aliyetoa cheti hadi ubalozini

Wengi wanaokwama dirishani ubalozini Dar es Salaam hawakwami kwa kukosa cheti. Vyeti wanavyo, na mihuri imejaa, ila imepigwa bila mpangilio. Nyaraka za kazi ya nje zina mlolongo wake: aliyetoa cheti anathibitisha kuwa ni chake, wakili anathibitisha nakala, Wizara ya Mambo ya Nje inathibitisha saini iliyotangulia, na ubalozi unathibitisha saini ya Wizara. Kila ofisi inaangalia muhuri wa ofisi iliyo nyuma yake. Ubalozi haujui saini ya wakili wa Ngamiani, wala hautahangaika kuitafuta. Ukiruka ofisi moja unarudishwa, na kwa mtu wa Tanga kurudishwa ni nauli nyingine kutoka stendi ya Kange.

Kuna watakaokwambia "piga apostili tu yatosha". Apostili ni muhuri mmoja unaochukua nafasi ya mlolongo huo, nao ni wa nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa 1961, na Tanzania haimo. Oman na Saudia zimo, lakini hilo halikusaidii, kwa sababu mkataba unafanya kazi pale tu nchi zote mbili zimejiunga. Cheti cha Tanzania bado kinapita ubalozini.

Hatua ya 1: Dai orodha kwa maandishi

Mwombe mwajiri au wakala aandike anahitaji cheti gani, asili au nakala, kwa lugha gani, na cheti cha polisi, kile cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu, kiwe kimetolewa ndani ya muda gani. Usithibitishe kila karatasi iliyomo kwenye bahasha yako. Kila dirisha lina ada kwa kila waraka. Muuguzi ana mzigo wa ziada: barua ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na mara nyingi uhakiki wa DataFlow, kampuni ya kuhakiki vyeti, ambayo huwasiliana moja kwa moja na chuo. Chuo kikichelewa kujibu, faili lako linasubiri, hivyo zungumza na ofisi ya msajili wa chuo mapema.

Wakala naye mdai leseni yake. Akisita, ulizia TaESA, huduma ya ajira ya serikali, kabla hujampa hata nakala ya pasipoti.

Hatua ya 2: Linganisha majina, herufi kwa herufi

Huku pwani ndipo kazi ilipo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi Omari Shabani, cha kidato cha nne kinasema Mwanahamis O. Shaban, kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanahamisi Omar Shaaban. Mtaani ni mtu mmoja. Kwa karani anayelinganisha herufi, hao ni watatu. Khamis na Hamisi, Mohamedi na Muhammad, Abdalla na Abdallah, zote hizo zimeshawahi kurudisha watu nyumbani.

Weka vyeti vyote mezani, chukua karatasi, andika jina kama lilivyo katika kila kimoja, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Kama hujapata pasipoti bado, ushauri wetu ni kuacha cheti cha Baraza la Mitihani kiongoze, kwa sababu ndicho kigumu zaidi kubadilisha, kisha urekebishe NIDA kifuate, na pasipoti ije mwisho. Kama pasipoti unayo tayari, tumia hati ya kiapo.

Hati ya kiapo nzuri haisemi "majina yote ni yangu" ikaishia hapo. Inataja kila waraka, namba yake, na jina kama lilivyoandikwa humo, hata kama ni kosa. Mfano: "Katika cheti cha kuzaliwa namba fulani nimeandikwa Mwanahamisi Omari Shabani, katika cheti cha kidato cha nne chenye namba fulani nimeandikwa Mwanahamis O. Shaban, majina hayo yote ni ya mtu mmoja, ambaye ni mimi." Iandikwe kwa Kiingereza, kwani inasafiri. Mwishoni, pale anapotia saini Kamishna wa Viapo, lazima pawe na jina lake, mahali kiapo kilipoliwa na tarehe. Sheria inadai hivyo, na pakiachwa wazi hati inakataliwa. Na uwepo mwenyewe. Kiapo hakiapwi kwa kutumiwa picha ya WhatsApp.

Hatua ya 3: Uhakiki kwa aliyetoa cheti

Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na maombi hufanyika kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Cha ndoa nacho ni RITA, hata kama ndoa ilifungwa msikitini, kwa kuwa masheikh na wachungaji wanafungisha kwa leseni ya serikali. Jambo moja linalosahaulika sana Tanga: kama ulizaliwa Pemba au Unguja, RITA si pako. Cheti chako ni cha Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na huko ndiko kinakohakikiwa.

Vyeti vya sekondari vinahakikiwa na NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Utaulizwa namba ya mtihani kamili pamoja na mwaka. Inaanza na S kwa mtahiniwa wa shule na P kwa wa kujitegemea. Diploma na shahada huanzia kwa msajili wa chuo.

Malipo yote ya serikali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo (control number). Anayetaka umtumie pesa kwenye simu yake ni kishoka.

Cheti kilichobanwa ndani ya plastiki kinaleta taabu, kwa sababu muhuri haushiki wala karatasi haikaguliki. Usijaribu kuibandua kwa pasi. Wino hutoka na plastiki. Kiulizie kwanza kwa aliyekitoa.

Hatua ya 4: Cheti cha polisi

Hiki kifanye karibu na mwisho, kwani ndicho ambacho muda wake huisha haraka. Kinahitaji alama za vidole. Waliokata mkonge, wavuvi na mafundi ujenzi mistari ya vidole imelika, na alama hutoka hafifu. Paka mafuta mikono kila usiku kwa wiki nzima kabla, na siku yenyewe nenda na mikono iliyooshwa ikakauka.

Hatua ya 5: Wakili

Kabla ya kumlipa, tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama leseni ya mwaka huu anayo. Nenda na asili. Wakili anayegonga nakala bila kuona asili anakuuzia wino tu. Muhuri na saini visifunike maandishi, na jina lisomeke. Kurasa zikishabanwa kwa pini na muhuri ukakatiza kurasa mbili, usichomoe pini ili utoe kopi. Matundu mawili mapya yanatosha kutiliwa shaka.

Waraka wa Kiswahili utafsiriwe sasa. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hutafsiri na huthibitisha tafsiri.

Hatua ya 6: Wizara, kisha ubalozi

Makao makuu ya Wizara ya Mambo ya Nje yapo Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma, na ofisi nyingine ipo Dar es Salaam. Kwa mtu wa Tanga, Dar ndiyo njia fupi, kwa kuwa balozi za Oman, Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu zipo huko huko. Piga simu kwanza Wizarani na ubalozini uulize siku za kupokea na za kurudisha, usije ukafika Ijumaa mchana.

Dirishani, usiondoke kabla ya kusoma ulichopewa: namba ya waraka iliyoandikwa na ofisa, tahajia ya jina, tarehe, muhuri uliokamilika. Kosa likirekebishwa hapo hapo ni dakika chache.

Ukitoka ubalozini, skani kila ukurasa kwa rangi, mbele na nyuma, maana mihuri mingi hukaa mgongoni mwa cheti, na seti moja pamoja na nakala ya mkataba iachwe nyumbani. Anayekwenda Falme za Kiarabu bado ana muhuri mmoja: wizara ya mambo ya nje ya huko, baada ya kufika. Mwajiri ndiye huushughulikia mara nyingi, ila hakikisha kabla ya kuondoka kwamba mkataba unasema nani analipia.