Jinsi ya kuomba viza ya kozi ya kiangazi Ujerumani: mwongozo kwa mwanafunzi wa chuo Tanzania

Kati ya Juni na Septemba vyuo vikuu vingi vya Ujerumani hufungua kozi fupi za Kijerumani, uhandisi, mazingira, sheria na mengineyo. Nyingi ni za wiki tatu hadi sita. Wao wanaziita kozi za kiangazi, ingawa huku kwetu wakati huo ni kipupwe na vyuo viko likizo ndefu. Kwa kozi kama hiyo, ukikaa siku zisizozidi 90, huombi kibali cha ukaazi. Unaomba viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Karatasi zake si nyingi kama watu wanavyotishana. Kinachoangusha waombaji ni karatasi zisizosomana: barua ina tarehe hii, bima ina tarehe ile, na jina la kwenye pasipoti limepishana herufi na la kwenye cheti.

Katika mwongozo huu tutatumia mfano mmoja. Kozi inaanza 6 Julai na kwisha 14 Agosti. Mwanafunzi anafika 4 Julai na kuondoka 17 Agosti. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa, kwa hiyo hizo ni siku 45.

Anza na almanaka ya chuo chako

Hapa ndipo wengi hujikwaa kabla hata ya kuugusa ubalozi. Likizo ndefu ndiyo wakati wa fildi. Kama programu yako inadai wiki nane za mafunzo kwa vitendo, kozi ya wiki sita Ulaya haiingii humo bila idara kukubali. Mwone mratibu wa fildi mapema, tena kwa barua, umwombe aridhie ufanye fildi baada ya kurudi au mwaka unaofuata. Ahadi ya mdomo haitakusaidia Oktoba jina lako likikosekana kwenye alama.

La pili ni sapu. Matokeo ya muhula wa pili yanaweza kutoka wakati tayari uko darasani Ujerumani, na mitihani ya marudio hufanyika kabla ya mwaka mpya wa masomo kufunguliwa. Soma almanaka, uione wiki ya sapu, kisha panga tarehe ya kurudi iwe kabla ya hapo hata kama una hakika umefaulu.

Ukishamaliza, omba barua kwa ofisi ya udahili au ya mshauri wa wanafunzi. Iandikwe kwa Kiingereza, kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, iwe na sahihi na muhuri. Itaje jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba yako ya usajili, programu na mwaka uliopo. Halafu kuna sentensi ambayo watu huisahau: masomo yako yataendelea tarehe fulani, na unatarajiwa kuwepo. Anayepitia maombi yako anajiuliza swali moja kuliko yote, kwamba huyu atarudi? Kwa kijana asiye na ajira wala nyumba, sentensi hiyo ndiyo jibu lenye uzito kuliko mengine aliyonayo.

Pasipoti na majina

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu angalau, na iendelee kuwa hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Katika mfano wetu, isiishe kabla ya 17 Novemba. Kama huna, maombi hufanywa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Uhamiaji. Andaa namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa uraia wa mzazi. Gharama ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000.

Kabla ya kujaza chochote, panga mezani kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha chuo, usome jina herufi kwa herufi. Ally na Ali, Mohamed na Mohammed, au jina la babu lililomo hapa na kukosekana pale. Kwetu ni jambo dogo, lakini kwa karani wa viza hao ni watu wawili. Kama NIDA ndiyo iliyokosea, irekebishe kwanza, kwa kuwa pasipoti hufuata NIDA. Kwa tofauti ya herufi, kiapo kwa wakili kinachosema majina yote ni ya mtu mmoja huwa kinatosha kueleza. Jina likiwa tofauti kabisa, itabidi hati ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Cheti au barua iliyoandikwa kwa Kiswahili ipelekwe ikatafsiriwe. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hutafsiri na kuidhinisha nyaraka. Tafsiri ya rafiki yako anayejua Kiingereza, hata ikiwa nzuri, haina muhuri.

Barua ya chuo cha Ujerumani

Barua ya kukubaliwa lazima ionyeshe jina la kozi, tarehe ya kuanza na kumaliza, ada, kama ada imelipwa au imefadhiliwa, na kama malazi yamo. Malazi yasipotajwa, utahitaji uthibitisho wake peke yake kwa usiku wote, hata zile siku mbili kabla ya kozi na tatu baada yake. Siku hizo za pembeni ndizo husahaulika.

Fedha

Sehemu hii inastahili muda wako kuliko zote.

Kipimo kinachotumika kwa Ujerumani ni yuro 45 kwa siku. Kwa siku 45 ni yuro 2,025. Malazi na chakula vikiwa vimeshalipwa, barua iseme hivyo, maana inakupunguzia mzigo wa kuthibitisha. Ukiwa na ufadhili, kwa mfano wa DAAD (shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi), barua ya ufadhili itaje kiasi na inagharimia nini.

Mwanafunzi anayejilipia au kulipiwa na mzazi ataleta taarifa ya benki ya miezi mitatu ya karibuni, yenye muhuri wa benki kila ukurasa. Akaunti inayopokea bumu tu na kubaki na shilingi elfu nane mwisho wa mwezi haithibitishi kitu, basi usiitegemee. Tumia ya mdhamini. Lakini taarifa ya benki ya mzazi pekee ni karatasi ya mtu baki. Iungane na:

- barua ya mdhamini inayosema atalipia nini, kwa siku ngapi, yenye sahihi yake na nakala ya kitambulisho;
- cheti chako cha kuzaliwa kinachoonyesha ni mzazi wako (kama ni mjomba au shangazi, leta karatasi zinazounganisha ukoo);
- chanzo cha fedha: hati za mshahara za miezi mitatu na barua ya mwajiri, au leseni ya biashara na TIN.

Hesabu yenyewe inasomwa kwa jicho la mtu aliyezoea ujanja. Shilingi milioni sita zikiingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya miadi, zinaonekana ni za kuazima. Kama ni halali, lete asili yake: stakabadhi ya mnada ng'ombe walipouzwa, malipo ya AMCOS ya korosho au kahawa, mkopo wa SACCOS. Mzazi ambaye fedha yake yote hupita kwenye simu anaweza kutoa taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu, na iambatane na ya benki. Ni vyema aanze kuipitisha fedha benki miezi mitatu au minne kabla.

Njia nyingine ni ya mwenyeji aliyeko Ujerumani. Anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake na kusaini hati ya kuwajibika iitwayo Verpflichtungserklärung, kwa ada ya yuro 29. Ni kiapo kizito kisheria, kwani ukiugua au ukibaki nchini, gharama zinaweza kumwangukia yeye. Kwa hiyo usimwombe mtu unayemjua kwa juujuu. Hati halisi ndiyo inayotakiwa, si picha ya WhatsApp, na itumike ndani ya miezi sita tangu itolewe. Itumwe mapema kwa kampuni ya vifurushi.

Bima

Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen, na igharimie matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani, hata ikiwa ni kwa mauti. Kampuni za bima za hapa Tanzania zinaiuza. Kosa la kawaida ni hili: chuo cha Ujerumani kinakupa bima inayoanza 6 Julai hadi 14 Agosti, wewe unaona imetosha, kumbe siku za 4, 5, 15, 16 na 17 huna kinga. Nunua inayoanza siku ya kutua hadi siku ya kuondoka, na ongeza siku chache mbele kwa ajili ya ndege kuahirishwa.

Fomu, picha na tiketi

Fomu ya Ujerumani hujazwa kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao Videx, kwa Kijerumani au Kiingereza, kisha huchapwa. Kurasa za mwisho zina msimbo wa mistari unaosomwa na mashine. Printa ya steshenari yenye wino hafifu huuharibu, kwa hiyo chapa kwa leza na usiache ukurasa hata mmoja. Saini kwa mkono kila palipoandikwa saini. Kwenye madhumuni ya safari chagua masomo. Usichague utalii ati kwa sababu utapita Berlin kutembea. Ukifanya hivyo umejipinga mwenyewe na barua zako zote.

Picha iwe ya hivi karibuni, milimita 35 kwa 45, mandhari nyepesi, uso wazi. Mwambie mpiga picha ni ya viza ya Schengen, kwani ya pasipoti ya Tanzania ina vipimo vingine.

Tiketi usinunue. Kinachohitajika ni buking ya kwenda na kurudi yenye tarehe zilezile za bima na fomu.

Kama utapenda kuona Paris siku nne baada ya kozi, viza ya Ujerumani inatosha, maana Schengen ni nchi 29 na Ujerumani ndiko utakakokaa zaidi. Lakini wiki tatu za kozi Ujerumani na wiki tano kwa dada yako Italia, hapo ombi ni la Italia. Uingereza na Ireland hazimo kabisa.

Miadi na ada

Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida si chini ya siku 15 kabla. Kwa mfano wetu ni kuanzia 4 Januari hadi 19 Juni. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, ila unaweza kufika 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Tunashauri uwe umewasilisha kabla ya mwanzo wa Mei, kwani kuanzia hapo kila anayekwenda kusalimia ndugu Ulaya naye anatafuta miadi. Weka miadi hata kabla barua zote hazijakamilika.

Ada ya viza kwa mtu mzima ni yuro 90, na hairudishwi ukikataliwa. Hata hivyo kanuni za viza za Schengen zinawasamehe ada wanafunzi wanaosafiri kwa masomo au mafunzo. Wengi hulipa kwa kutojua. Sema dirishani kwamba wewe ni mwanafunzi unayekwenda kusoma, na uonyeshe barua zote mbili. Ombi likipokelewa na kampuni ya kati, gharama yao ya huduma utailipa.

Siku yenyewe fika ukiwa na kila karatasi halisi na kivuli chake, zimepangwa kwa mfuatano wa orodha ya ubalozi. Kama ni mara ya kwanza, utachukuliwa alama za vidole, ambazo zinaweza kutumika tena kwa miezi 59. Maswali ni mafupi: unasoma nini, kozi hii inahusiana vipi na masomo yako, nani analipa, unarudi lini. Jibu wewe, si karatasi. Mwanafunzi wa ualimu wa kemia anayekwenda kozi ya usanifu wa mitindo awe na maelezo.

Ukipata, ukikosa

Stika ikitoka, isome palepale: jina, namba ya pasipoti, tarehe za mwanzo na mwisho, idadi ya siku na ya kuingia. Tarehe za stika huwa pana kuliko siku ulizopewa. Zinazokufunga ni siku.

Ubebe barua, bima na uthibitisho wa fedha kwenye begi la mkononi, maana afisa wa mpakani ana haki ya kuviuliza tena. Mfumo mpya wa kuingia na kutoka, ulioanza 12 Oktoba 2025, huchukua picha ya uso na kuhesabu siku zako wenyewe, kwa hiyo kuzidisha siku hakufichiki. Nyama kavu na samli ya mama viache nyumbani, kwani nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi. Dagaa hawana shida, wala nanasi. Kama unarudi kupitia Addis Ababa au Nairobi na kusubiri zaidi ya saa 12, kadi ya homa ya manjano utaulizwa hapa hapa nyumbani. Chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchomwa.

Ukikataliwa utapewa karatasi yenye sababu zilizotiwa alama. Tangu 1 Julai 2025 Ujerumani imefuta utaratibu wa kumwandikia barua afisa ili aufikirie upya uamuzi wake. Kilichobaki ni kwenda mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja, au kuomba upya. Kwa kozi ya wiki sita mahakama haitawahi, hivyo omba upya, na kila sababu iliyotiwa alama iwe na karatasi yake mpya. Usifiche kwamba ulishakataliwa. Rekodi hukaa kwenye mfumo wa viza miaka mitano, na balozi zote za Schengen zinaiona.